Kichwa kuuma kila siku baada ya upasuaji wa ubongo: maumivu yanatoka wapi, na uanze na lipi

SWALI

Nina miaka 43, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Iringa. Miezi kumi iliyopita nilipasuliwa kichwa kutolewa meninjioma (uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo) upande wa kulia. Kovu linaanzia mbele ya sikio, linapanda hadi nywele zinapoanzia juu ya paji. Tangu nitoke hospitali sijapata siku nzima ya nafuu. Panja linabana, hasa nikitafuna. Kwenye kovu kuna mahali nikipitisha kitana napigwa kama shoti ya umeme. Jioni kisogo kinavuta mpaka mabegani. Naamka na maumivu, nalala nayo. Nameza Panadol Extra mbili asubuhi na mbili mchana, na diklofenaki moja usiku. Natumia pia kabamazepini kwa sababu kifafa kilinipata kabla ya upasuaji, na nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. CT skani ya mwezi uliopita wamesema ni safi. Je, uvimbe unarudi? Au ndiyo nitaishi hivi?

JIBU

Dada, tuanze na uvimbe, maana nadhani hofu hiyo inakuumiza kuliko kichwa chenyewe. Maumivu uliyoyaeleza hayafanani na ya uvimbe unaorudi. Yana mahali pake maalumu, yanaitika kwa kuguswa na kutafuna, na yalianza mara tu baada ya upasuaji. Meninjioma hukua polepole, na mara nyingi ikirudi huonekana kwenye picha kabla mgonjwa hajahisi lolote. Hata hivyo, uliza jambo moja: je, CT hiyo ilipigwa baada ya kuchomwa kwenye mshipa dawa ya kung'arisha picha? Bila dawa hiyo, mabaki madogo yaliyolala kwenye utando wa ubongo yanaweza yasionekane. Kipimo kinachofaa kwa ufuatiliaji ni MRI yenye dawa ya kung'arisha. Wengi hupigwa ya kwanza ndani ya miezi mitatu hivi baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Kama hujapigwa hata moja, idai. Vibamba na skrubu za titani zilizofunga fuvu lako hazivutwi na sumaku ya MRI, kwa hiyo mtu asikuzuie kwa sababu hiyo. Onyesha tu ripoti ya upasuaji inayotaja vifaa vilivyotumika.

Kabla ya kuendelea, kuna hali ambazo hazisubiri jibu la mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata homa na shingo kukakamaa, kovu kuvimba, kuwa jekundu au kutoa usaha, maji meupe kama ya kisima kuchuruzika puani, sikioni au kwenye kovu, kifafa kipya au kilichozidi, mkono au mguu kulegea, maneno kupotea, kuona viwili au ukungu, kusinzia kusiko kwa kawaida, au maumivu ya ghafla makali kuliko yote uliyowahi kuyapata. Maumivu yanayozidi ukilala chini au alfajiri, yakifuatana na kutapika, yanahitaji kuangaliwa shinikizo la ndani ya fuvu. Yale yanayoanza ukisimama na kutulia ndani ya dakika chache ukilala chali yanaashiria kinyume chake, yaani maji ya ubongo yanavuja mahali. Mwelekeo huo wa kulala na kusimama mweleze daktari hata asipokuuliza.

Sasa maumivu yenyewe. Ubongo hauna neva za kuhisi maumivu. Ndiyo maana kuna upasuaji unaofanyika mgonjwa akiwa macho anazungumza. Kinachouma ni vile alivyopita daktari akienda huko: ngozi ya kichwa, neva zake, misuli, na utando mgumu unaofunika ubongo. Kwa uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa wa mwaka 2018, hadi theluthi mbili ya wanaofunguliwa fuvu huumwa kichwa mwanzoni, wengi hupona, na takriban robo ya walioumwa huendelea. Yakipita miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Kwa hiyo hali yako inajulikana na ina jina kwenye vitabu. Tatizo ni kwamba mara nyingi mgonjwa huitibu kama ugonjwa mmoja, anameza kidonge kilekile kwa kila maumivu, wakati wewe una maumivu ya aina nne: msuli wa panja, neva iliyonaswa kwenye kovu, shingo, na la nne ni dawa zenyewe. Tuanze na hilo la nne, maana lisipoondoka mengine hayatibiki.

Piga hesabu ya unachomeza. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Vinne kwa siku ni kafeini miligramu 260, karibu sawa na vikombe vitatu vya kahawa, na bado hujahesabu chai. Kikomo cha kimataifa cha dawa za maumivu zenye mchanganyiko ni chini ya siku 10 kwa mwezi. Kwa parasetamoli tupu, ibuprofeni au diklofenaki ni chini ya siku 15. Ukivuka hapo kwa zaidi ya miezi mitatu, mfumo wa neva unazoea na kuanza kuzalisha maumivu wenyewe kila dawa inaposhuka. Wewe uko kwenye siku 30. Na kuna kingine: dozi yako ya mwisho ya kafeini ni mchana, na mwili uliozoea kafeini huanza kuidai kati ya saa 12 na 24 baada ya kuikosa. Kuamka na kichwa kinachopata nafuu nusu saa baada ya vidonge viwili kunaeleweka kwa hesabu hiyo peke yake.

Kuacha kunawezekana, na kwa dawa za aina hii huachwa kwa mkupuo, si kwa kupunguza robo robo. (Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini, na dawa za usingizi, ni habari nyingine; hizo hushushwa polepole chini ya daktari.) Chagua wiki mbili za likizo ya shule. Usianze wiki ya mitihani, utashindwa siku ya tatu. Siku ya kwanza ondoa Panadol Extra na diklofenaki zote ndani ya nyumba, maana zikibaki kabatini saa 9 usiku utazifuata. Bakiza kikombe kimoja cha chai ya rangi au kahawa asubuhi, saa ileile kila siku, ili kafeini isikatike yote kwa pamoja. Tarajia maumivu kuzidi kuanzia siku ya pili, kichefuchefu, hasira na kukosa usingizi. Kwa wengi kilele hupita ndani ya wiki ya kwanza na hali hutulia kufikia siku ya kumi. Faida kamili huonekana baada ya mwezi mmoja hadi miwili, kwa hiyo usipime mafanikio wiki ya kwanza. Mwambie mtu wa nyumbani tarehe uliyoanza.

Kabamazepini usiiguse. Isiachwe, isipunguzwe, hata siku moja. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo. Kichefuchefu kikizidi, usijinunulie metoklopramidi dukani, kwani haishauriwi kwa mwenye kifafa; omba daktari akuchagulie nyingine. Na baada ya wiki hizo mbili, dawa yako ya dharura iwe parasetamoli tupu, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mtu mzima mwenye afya anaruhusiwa hadi gramu 4 kwa siku, lakini kabamazepini huongeza mzigo wa parasetamoli kwenye ini, hivyo wewe usipite gramu 3, yaani vidonge sita. Diklofenaki ya kila siku kwa miezi kumi inatosha kuwa sababu ya kupima presha, kreatinini ya figo na wingi wa damu. Vidonda vya tumbo vinavyovuja taratibu havipigi kelele. Omba na sodiamu ipimwe kwa sindano hiyohiyo. Kabamazepini inaweza kuishusha, na sodiamu ikishuka kichwa huuma, tumbo huchafuka, mtu anakuwa mzito wa fikra. Ni kipimo cha bei nafuu kinachosahaulika mara nyingi sana.

Panja na taya

Kovu lako lilivyopita, daktari alilazimika kuukata na kuukunja msuli mpana wa panja, ule unaofunga taya, ili aufikie mfupa. Msuli huo ukipona hufupika na kukakamaa. Wengine hubaki na shimo dogo panjani. Jipime: simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uviingize katikati ya meno ya mbele. Vikipita vyote, kinywa kinafunguka vya kutosha, milimita 40 hivi. Vikipita viwili tu, taya limefungwa, na maumivu yako ya kutafuna yana sababu unayoweza kuishughulikia leo.

Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu panjani dakika 10. Jaribu joto kwa kiganja cha mkono kwanza, kwa sababu ngozi yenye ganzi karibu na kovu huungua bila wewe kujua. Kisha fungua kinywa taratibu mpaka uhisi msuli unavutika, si kuchoma. Weka dole gumba kwenye meno ya juu na kidole cha shahada kwenye ya chini, saidia kidogo, shikilia sekunde 10, achia. Mara kumi, mizunguko mitatu kwa siku. Kama unaweza kupata vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi, vipange pamoja kwa idadi inayoingia bila maumivu, uvishikilie katikati ya meno dakika mbili, na uongeze kimoja kila baada ya siku tatu au nne. Ukiona siku ya pili panja limevimba au linauma kuliko jana, umezidisha. Rudi nyuma kijiti kimoja. Kwa wakati huo acha muwa, mahindi ya kuchoma, mishkaki na ubani wa kutafuna. Nyama ichemke mpaka ilainike, ikatwe ndogo, na utafune pande zote mbili. Wanaokwepa upande wa kulia kabisa huishia na taya la kushoto linalouma. Mchana, midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana. Jichunguze unaposahihisha daftari: wengi hukuta wameyauma. Taya gumu hulegea kwa wiki nane hadi kumi na mbili za mazoezi ya kila siku. Ukiyafanya Jumatatu na Ijumaa tu hayasaidii.

Ile shoti kwenye kovu

Neva za ngozi ya kichwa hukatwa ngozi inapofunguliwa. Zikiota upya, baadhi hunaswa kwenye kovu au kuota kifundo kidogo kinachofyatuka kikiguswa. Ganzi na kuwasha nyuma ya kovu ni dalili za uotaji huo, na huweza kuendelea mwaka mmoja na zaidi bila hatari yoyote. Shoti ya mahali pamoja ndiyo yenye tiba. Chukua penseli yenye kifutio, bonyeza kwa kile kifutio kando ya kovu, sentimita moja moja, mpaka uipate nukta inayofyatua. Iwekee alama, uipige picha kwa simu. Siku ya kliniki mwonyeshe daktari nukta hiyo, maana neno "kichwa kinauma" halimwelekezi popote.

Anachoweza kufanya ni kuchoma mililita 1 hadi 2 za lidokeini, yaani dawa ya ganzi, hapo, wakati mwingine pamoja na dawa ya steroidi. Maumivu yakizimika ndani ya dakika 10 hadi 20, chanzo kimejulikana, hata kama nafuu itadumu siku mbili tu. Kwa wengine sindano moja huleta nafuu ya wiki au miezi. Sharti moja lisilojadiliwa: anayechoma awe ameona ripoti ya upasuaji au picha, ajue wapi kuna mfupa na wapi kuna pengo au tundu la kekee lisilofunikwa. Sindano ikipita kwenye pengo, dawa ya ganzi huingia ndani ya fuvu na mgonjwa anaweza kupoteza fahamu hapohapo mezani. Hili linawahusu zaidi waliopasuliwa kisogoni, kwa sababu sindano ya neva ya kisogo ni ya kawaida kwenye kliniki za maumivu na inaweza kuchomwa kwa mazoea.

Nyumbani, kwa kuwa kidonda chako kimefunga zamani na hakina gaga wala majimaji, kanda kovu. Tumia mafuta yasiyo na manukato, weka ncha za vidole viwili, usisugue juu ya ngozi bali isogeze ngozi yenyewe juu ya mfupa, duara ndogo ndogo, dakika tano asubuhi na jioni. Halafu izoeze neva kuguswa: pamba dakika moja, kitambaa cha khanga dakika moja, taulo dakika moja, mwisho kitana chenye meno mapana. Anza pembezoni ukielekea kwenye nukta kali, siyo kinyume chake. Wiki mbili za kwanza inaudhi. (Mwenye kovu jipya asubiri angalau wiki sita, na ruhusa ya daktari wake.)

Kuchanjwa chale panjani na hijama juu ya kichwa nakusihi usikubali, hata ikishauriwa na mtu anayekupenda. Chini ya ngozi hiyo kuna mfupa uliokatwa na kurudishwa kwa vibamba vya titani. Bakteria akipata njia, mfupa huo unaweza kulazimika kutolewa wote, ukae miezi kadhaa bila kipande cha fuvu. Wanaotaka hijama ya mabegani kwa ajili ya shingo wazungumze na daktari kwanza, hasa kama wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Shingo inayovuta jioni ni rahisi zaidi. Baada ya upasuaji mtu hukilinda kichwa: anageuza kiwiliwili badala ya shingo, mabega yanapanda, anasahihisha daftari 40 kidevu kikiwa kifuani. Keti wima, vuta kidevu nyuma bila kukiinamisha mpaka kidevu cha pili kitokee, shikilia sekunde tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha inamisha sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto sekunde 30, na kulia vivyo hivyo. Daftari ziinue kwenye boksi au mto ili usiiname, na kila nusu saa simama. Mto wa kulalia uwe mmoja, ujaze nafasi kati ya bega na sikio. Wafiziotherapia wapo kwenye hospitali za mikoa. Mara tatu au nne kwao zinatosha kukufundisha, mengine ni yako.

Dawa ya kuzuia, na siyo ya kutuliza

Baada ya wiki mbili za kuacha vidonge, kama bado una maumivu zaidi ya siku nne au tano kwa mwezi, kuna dawa zinazomezwa kila siku ili maumivu yasije. Zote huandikwa na daktari. Inayotumika zaidi Afrika Mashariki ni amitriptilini, kwa sababu ni nafuu na inapatikana hadi vituo vya afya. Kwa maumivu huanzwa na miligramu 10 usiku, au nusu ya kile kidonge cha 25 kilichozoeleka, na kupandishwa kila wiki moja au mbili. Wachache huhitaji kupita 50. Hii ni dozi ndogo kuliko ile ya sonona, hivyo usishtuke ukisoma karatasi yake. Imeze saa 2 usiku, siyo unapoingia kitandani, la sivyo usingizi utakufuata darasani. Hukausha mdomo na kufunga choo. Lakini kwako ina vikwazo viwili: inaweza kushusha kizingiti cha kifafa, yaani kukirahisishia kifafa kutokea, na kabamazepini huipunguza nguvu kwa kuiharakisha kutoka mwilini.

Kwa hiyo kwa mgonjwa kama wewe ningependekeza daktari afikirie gabapentini kwanza. Inatuliza neva, haigombani na kabamazepini, na yenyewe ni dawa ya kifafa. Kwa kawaida ni miligramu 300 usiku kwa siku tatu, kisha asubuhi na usiku kwa siku tatu, kisha mara tatu kwa siku. Baadaye hupandishwa au kuachwa hapo kulingana na nafuu. Dozi hupunguzwa kama figo zimedhoofika, ndiyo sababu nyingine ya kile kipimo cha kreatinini. Maduka mengi ya dawa huuza gabapentini iliyochanganywa na vitamini B12 au dawa nyingine ya neva. Soma jina la kila kiungo kabla ya kulipa. Ipe wiki sita kabla ya kusema haifanyi kazi. Isiachwe ghafla.

Propranololi na topiramati zinawafaa wale ambao maumivu yao yana sura ya kipandauso: upande mmoja, yanadunda, mwanga na kelele vinakera, tumbo linachafuka. Kama ulikuwa na kipandauso kabla ya uvimbe, sema, kwa sababu upasuaji unaweza kukichochea. Mwenye pumu asipewe propranololi. Topiramati haifai kwa anayeweza kupata mimba. Tramadoli nakuomba uikatae hata ukiandikiwa kwa haraka haraka. Inaleta kifafa, inafunga choo mpaka unakamua, na kukamua kunapandisha maumivu ya kichwa. Juu ya hayo ni mlango mwingine wa uraibu.

Kwenye mambo ya kila siku, yapo yanayojulikana na wote: usingizi wa saa zilezile, maji, kutoshinda na njaa. Yasiyosemwa ni haya. Rasta na misuko ya kubana huvuta neva zilezile zilizokatwa; suka nyepesi, mwambie msusi aanze mbali na kovu, au ukate nywele fupi kwa miezi sita. Ndoo ya maji usibebe kichwani tena. Mzigo huo unakandamiza vibamba, shingo na kovu kwa pamoja. Kilemba na hijabu vifungwe bila fundo kupita juu ya panja. Kofia ngumu ya bodaboda utaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nunua yako inayokutosha badala ya kuazima ya dereva inayogusa ile nukta. Mwenye kufunga Ramadhani apunguze chai na kahawa wiki moja kabla, na aulize daktari namna ya kupanga dozi za dawa ya kifafa kati ya futari na daku. Usiruke dozi ili saumu ikamilike.

Hukuuliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango, lakini hili ni la maana kuliko vyote kwa yule anayeogopa uvimbe kurudi. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanawake waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni, ambayo ndiyo ile ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja na zaidi, walikuwa na uwezekano wa mara 5.6 wa kufanyiwa upasuaji wa meninjioma kulinganishwa na wasioitumia. Mwaka huohuo wasimamizi wa dawa wa Ulaya walielekeza kwamba aliyewahi kuwa na meninjioma asipewe sindano hiyo kwa uzazi wa mpango. Kwa mwanamke mwingine yeyote hatari inabaki ndogo sana, kwa hiyo msiwatishe majirani. Kwako, zungumza na kliniki kabla ya dozi inayofuata. Na hapa ndipo wengi huteleza: ukihamishiwa vidonge au kijiti cha mkononi, kabamazepini hupunguza nguvu yake na unaweza kupata mimba. Kinachokufaa ni kitanzi cha shaba kisicho na homoni, au kondomu mpaka kipatikane. Mwambie mhudumu maneno haya mawili pamoja, meninjioma na kabamazepini, kwa sababu akisikia moja tu atakupa ushauri usiokamilika.

Wasomaji waliofanyiwa upasuaji wa namna nyingine wasilinakili jibu hili lote. Waliopasuliwa kisogoni, maumivu yao huja wakikohoa au kupiga chafya, kwa kuwa misuli ya shingo hushikamana na utando wa ubongo pale mfupa ulipotolewa. Waliobaki bila kipande cha fuvu na ngozi yao imebonyea waulize lini mfupa utarudishwa. Kwa baadhi yao maumivu hupungua baada ya hapo. Wenye mrija wa kushusha maji ya ubongo tumboni, maumivu mapya ya kichwa pamoja na kutapika au kusinzia ni mrija ulioziba mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hiyo ni safari ya usiku huohuo.

Sasa chukua kalenda ya ukutani. Kila jioni andika alama tatu kwenye tarehe: namba kutoka 0 hadi 10 ya maumivu makali zaidi ya siku hiyo, herufi P kwa panja, K kwa kovu, S kwa shingo, na idadi ya vidonge vya maumivu ulivyomeza. Zungushia siku za hedhi. Kalenda hiyo ya miezi miwili, ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara ya uvimbe yanayotaja daraja lake, na picha ya ile nukta ya kovu vinampa daktari wako wa upasuaji wa ubongo kazi ya dakika kumi badala ya kukisia.

Kuhusu kuishi hivi: kufikia wiki ya 12 lengo halisi ni kutoka siku 30 za maumivu hadi chini ya 8 au 10, na makali kushuka kwa nusu. Wengine hupona kabisa, wengine hubaki na kovu linalolalamika wakati wa baridi. Kama kufikia wiki hiyo umeacha vidonge kweli, umefanya mazoezi ya taya, umepata dozi kamili ya dawa ya kuzuia, na kalenda bado imejaa namba 7 na 8, basi omba rufaa kwa daktari wa mfumo wa neva au kliniki ya maumivu kwenye hospitali ya kanda au ya taifa. Huko maswali yatakuwa mengine: kama kifundo cha neva kiondolewe kwa upasuaji mdogo, kama kuna skrubu iliyolegea inayosukuma ngozi, au kama maumivu yamegeuka kipandauso sugu, ambacho hutibiwa pia kwa sindano za botulinamu (dawa inayolegeza misuli), yuniti 155 kwenye nukta 31 kila baada ya wiki 12. Sindano hizo ni ghali. Uliza gharama na bima kabla ya kufunga safari.